UCHANGANUZI: Mchuuzi wa CD ghushi kapoteza soko, mbona msanii bado analia?

KWA muda mrefu, kila mjadala kuhusu masaibu ya wanamuziki nchini Kenya ulikuwa na mshtakiwa mmoja: mchuuzi wa kanda na CD ghushi.

Mtu huyo alionekana katika River Road na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwenye vituo vya matatu na katika vibanda vya masoko ya mashambani. Polisi walimkamata, mahakama zikamtoza faini, na baada ya siku chache akarejea na bidhaa zile zile.

Leo mchuuzi huyo amepoteza wateja wengi. Hata hivyo, walioikata riziki yake si polisi wala mahakama. Amefilisiwa na simu ya rununu, ambayo humwezesha msikilizaji kupata karibu wimbo wowote autakao bila kununua kanda wala CD.

Iwapo ni kweli kwamba nakala haramu ndizo zilizomfukarisha msanii, basi wanamuziki wangetarajiwa kuwa wameanza kula jasho lao. Mambo hayakuwa hivyo. Kilio kingali kile kile, ila anayenyoshewa kidole sasa si mchuuzi wa barabarani bali ni mashirika ya kukusanya mirabaha, kampuni za simu na zile za mtandaoni.

Hali hii inadhihirisha kwamba sheria ya hakimiliki imetumia miaka mingi kumwandama anayenakili, huku suala la nani anahesabu pesa, na anamwonyesha nani hesabu hizo, likiachwa kando.

Enzi ya santuri

Ni vyema kukumbuka kwamba dhuluma dhidi ya wanamuziki haikuletwa na kompyuta. Katika miaka ya 1960 na 1970, Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara ya santuri katika eneo hili la Afrika, na bendi kutoka Tanzania na Congo zilifunga safari kuja kurekodi humu nchini.

Nyimbo zilizotoka studio za Nairobi zilivuka bahari. Mnamo 1968, kundi la The Tremeloes la Uingereza lilirekodi upya wimbo 'Helule Helule' wake Daudi Kabaka, nao ukapata umaarufu mkubwa katika nchi hiyo.

Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu 1966. Hata hivyo, wanamuziki wengi wa enzi hiyo walilipwa kitita kimoja baada ya kurekodi, wakatia sahihi karatasi ambazo hawakuelewa uzito wake, na kwenda zao. Santuri ikiuzwa mia moja au laki moja, wao hawakuwa na njia ya kujua.

Baadaye ikaja kanda ya kaseti, ambayo kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeitikisa sana biashara hiyo. Yeyote aliyekuwa na redio yenye sehemu mbili za kanda aliweza kunakili muziki nyumbani kwake.

Hata hivyo, kaseti ilikuwa na mipaka yake. Kunakili saa moja ya muziki kulihitaji muda, na kila nakala iliyotolewa kwa nakala nyingine ilizidi kufifia sauti. Aliyetaka muziki safi bado alilazimika kununua kanda halali.

Teknolojia ya dijitali iliuondoa mpaka huo. CD iliyoanza kuuzwa duniani mnamo 1982 iligeuza sauti kuwa tarakimu, na tarakimu hazichujuki zinaponakiliwa. Nakala ya elfu moja huwa sawa na ya kwanza.

Kisha, katikati ya miaka ya 1990, ukaja mfumo wa MP3, uliopunguza ukubwa wa wimbo hadi takriban sehemu moja kwa kumi bila msikilizaji wa kawaida kutambua tofauti. Wimbo ukawa mwepesi wa kutosha kupita katika nyaya za simu.

Funzo la Marekani

Nchi iliyopigana vita vikali zaidi dhidi ya kunakili muziki kwa njia hii ni Marekani, na matokeo yake yanastahili kuzingatiwa na kila anayetunga sheria kwingineko.

Mnamo Juni 1999, kijana Shawn Fanning, aliyekuwa amejiunga na chuo kikuu mjini Boston, alizindua programu iliyoitwa Napster. Programu hiyo haikuhifadhi muziki wowote. Ilimwonyesha mtumiaji ni kompyuta ya nani iliyokuwa na wimbo anaoutafuta, kisha wawili hao wakapeana moja kwa moja.

Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni za kurekodi zilikuwa zimefika mahakamani kupitia muungano wao, RIAA. Februari 2001, mahakama ya rufaa mjini San Francisco iliamua kwamba Napster ilichangia ukiukaji wa hakimiliki, na Julai mwaka huo huduma hiyo ikafungwa. Wakati huo ilikuwa imekwisha kupata watumiaji zaidi ya milioni 20.

Ushindi huo ulikuwa wa muda tu. Wapenzi wa muziki walihamia programu nyingine kama vile Kazaa na Grokster, ambazo hazikuwa na kituo kimoja cha kufungwa. Mnamo 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliishinda Grokster kwa kauli moja ya majaji wote, lakini kunakili hakukukoma.

Kampuni hizo zikageukia wasikilizaji wenyewe. Kuanzia Septemba 2003 hadi mwisho wa 2008, ziliwashtaki au kuwatishia kuwashtaki zaidi ya watu 30,000, wakiwemo wanafunzi na wazazi ambao watoto wao ndio waliotumia kompyuta za nyumbani.

Kesi ya mama mmoja wa jimbo la Minnesota ilishangaza ulimwengu. Mnamo 2009, baraza la wazee wa mahakama lilimwamuru alipe dola milioni 1.92 kwa sababu ya nyimbo 24. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa, mahakama ya rufaa iliamua mnamo 2012 kwamba alipe dola 222,000. Nyimbo hizo hizo zingemgharimu chini ya dola 24 katika duka la mtandaoni.

Desemba 2008, RIAA ilitangaza kwamba ingeachana na kesi za halaiki dhidi ya watu binafsi. Kampuni zilikuwa zimejijengea chuki miongoni mwa wateja wao wenyewe, na mapato yalikuwa yakizidi kuporomoka.

Kilichoikoa biashara hiyo kilitoka kwingine. Aprili 2003, kampuni ya Apple ilifungua duka la iTunes lililouza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola. Baadaye zikaja huduma kama Spotify, ambapo msikilizaji hulipa ada ya mwezi, au husikiliza bila malipo akivumilia matangazo ya biashara. Kupata muziki kihalali kukawa rahisi kuliko kuuiba.

Kwa mujibu wa IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, mapato ya muziki uliorekodiwa yalishuka tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi 2014, kisha yakaanza kupanda. Mnamo 2023 yalifika dola bilioni 28.6, na takriban thuluthi mbili ya fedha hizo zilitoka kwa huduma za kusikiliza muziki mtandaoni.

Kwa ufupi, faini na vitisho havikutosha kumfanya msikilizaji alipe. Alianza kulipa alipowekewa mlango wa kulipia uliomfaa.

Sheria ya Kenya

Wakati Napster ikifungwa, Kenya nayo ilikuwa ikiibadilisha sheria yake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003, ilichukua mahali pa ile ya 1966 na kuunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

Sheria hiyo iliweka adhabu kali. Anayetengeneza nakala haramu kwa nia ya kuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh400,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 10, au kupewa adhabu zote mbili. Aidha, CD na kanda halali zilitakiwa kubandikwa stika maalumu ya kuthibitisha uhalali wake.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa pia na kifungu cha busara ambacho wananchi wengi hawakukijua. Kifungu cha 28 kilimruhusu mtu kutoa nakala moja ya muziki kwa matumizi yake binafsi nyumbani. Badala yake, mwenye hakimiliki alistahili fidia kutokana na tozo kwenye vifaa vya kurekodia na kanda tupu, ambayo ingelipwa na mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa hizo kutoka nje.

Waliotunga kifungu hicho walitambua kwamba haiwezekani kumweka askari katika kila sebule. Lakini kwa miaka mingi kilibaki kuwa maandishi tu. CD tupu na diski za kuhifadhia data ziliingizwa nchini kwa wingi, na wanamuziki hawakuona senti.

Mnamo 2009, nyaya za intaneti zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Vijana waliokuwa wakinunua CD ghushi wakaanza kupakua nyimbo wenyewe, au kumpelekea mwenye kibanda diski ndogo ajaziwe mamia ya nyimbo kwa ada ndogo. Stika haikuwa na mahali pa kubandikwa tena.

Pesa zilihamia wapi?

Mwaka huo huo wa 2009, kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya Skiza, ambapo anayepiga simu husikia wimbo uliochaguliwa na anayempigia kabla simu haijapokewa. Mamilioni ya Wakenya waliokuwa wakipata muziki bure wakaanza kuulipia, shilingi kwa shilingi, kupitia salio la simu.

Soko hilo lilileta tumaini, lakini lilileta pia mizozo. Mwanamuziki John Boniface Maina aliishtaki Safaricom akidai kwamba nyimbo zake zilikuwa zikiuzwa bila idhini yake. Mzozo huo ulimalizwa kwa maelewano nje ya mahakama.

Suala gumu zaidi lilikuwa la mgao. Kati ya mteja na msanii palikuwa na kampuni ya simu, kampuni za kati zinazowasilisha nyimbo kwa kampuni hiyo, na mashirika ya kukusanya mirabaha. Kila mmoja alimega sehemu yake kabla ya msanii kufikiwa.

Sheria ilipofanyiwa marekebisho mnamo 2012, kiliongezwa kifungu cha 30A kilichotaka malipo ya waimbaji na watayarishaji wa muziki yapitie mashirika hayo. Baadhi ya wanamuziki waliona wanalazimishwa kumkabidhi mtu mwingine mfuko wao. Novemba 2016, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo kilipotungwa.

Kongwe miongoni mwa mashirika hayo ni MCSK, lililoundwa mnamo 1983 kukusanya mirabaha ya watunzi kutoka kwa redio, televisheni, hoteli, matatu na wengineo wanaotumia muziki katika biashara. Mengine ni KAMP la watayarishaji na PRISK la waimbaji na waigizaji.

Uhusiano kati ya mashirika hayo na KECOBO umekuwa wa vuta nikuvute. Mnamo 2017, bodi hiyo ilikataa kuhuisha leseni ya MCSK na kuikabidhi kampuni nyingine, hatua iliyozua kesi baada ya kesi. Mnamo Agosti 2021, ilifutilia mbali leseni za mashirika yote matatu kwa madai ya kukiuka masharti.

Hasira za wasanii zilidhihirika zaidi mnamo 2019, MCSK ilipowagawia wanachama wake takriban Sh2,500 kila mmoja. Mwanamuziki ambaye nyimbo zake huchezwa redioni kila siku alipokea sawa na yule ambaye wimbo wake haujasikika kwa miaka.

Kiasi hicho kilikuwa kidogo, naam, lakini kasoro kubwa ilikuwa ile ya kugawa sawa. Mrabaha si sadaka. Ni malipo ya kazi iliyotumiwa, na mtu akilipwa sawa na kila mwenzake basi haonyeshwi kwamba kuna aliyehesabu ni mara ngapi wimbo wake ulichezwa.

Bunge liliingilia kati. Marekebisho ya 2022 yalielekeza kwamba msanii au mwenye hakimiliki apate asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu, kampuni ya simu asilimia 39.5 na kampuni ya kati asilimia 8.5.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele. Hata hivyo, asilimia 52 ya kiasi usichokijua ni ahadi usiyoweza kuipima. Msanii asiyeonyeshwa ni wateja wangapi walichagua wimbo wake, na kwa siku ngapi, hulazimika kuamini tu takwimu anazoletewa.

Hesabu za mtandaoni

Kwenye huduma za kimataifa, mambo hayajanyooka pia. Spotify ilipoingia Kenya mnamo Februari 2021, wengi walidhani kwamba kila wimbo unaposikilizwa, mwenye wimbo huingiziwa kiasi maalumu. Sivyo ilivyo.

Kwa kawaida, mapato ya mwezi hutiwa katika chungu kimoja, kisha sehemu ya wenye hakimiliki hugawanywa kulingana na idadi ya mara ambazo nyimbo za kila mmoja zilisikilizwa ikilinganishwa na nyimbo zote. Msanii wa Kisumu au Kwale hujikuta katika chungu kimoja na vigogo wanaosikilizwa kila pembe ya nchi.

Isitoshe, tangu 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia haulipwi mrabaha wa kurekodi kwenye Spotify. Kwa mwanamuziki anayeimba kwa lugha yenye wazungumzaji wachache, sharti hilo si dogo.

Wapo wanaoshikilia kwamba haya yote si hoja. Kwao, nakala za bure humtangaza msanii, na kipato chake halisi kiko jukwaani. Kuna ukweli katika kauli hiyo, na wanamuziki wengi chipukizi wenyewe husambaza nyimbo zao bure ili wajulikane.

Lakini Machi 2020, janga la korona lilipofunga kumbi za burudani, ilibainika jinsi msingi huo ulivyo dhaifu. Shoo zilikoma na kipato kikakatika, ilhali nyimbo ziliendelea kusikika majumbani.

Tena jukwaa halimfai kila mtu. Mtunzi asiyeimba hana shoo. Mwanamuziki mzee aliyelemewa na maradhi hawezi kusafiri usiku kucha kwenda kutumbuiza. Mjane na mayatima wa mwimbaji hawana wimbo wa kupanda nao jukwaani, ingawa sheria huilinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa watu hawa, mrabaha ndio urithi pekee.

Nini kifanyike?

Haimaanishi kwamba uharamia umekwisha au unafaa kuvumiliwa. Wapo wanaonyofoa sauti kutoka kwa video za mtandaoni na kuziuza, na sheria inafaa kuwaandama wanaofanya hivyo kibiashara. Lakini kumkimbiza mwenye kibanda huku madaftari makubwa yakiwa yamefungwa ni kuziba ufa na kuacha mlango wazi.

Jambo la kwanza ni kufungua hesabu. Kila anayetumia muziki katika biashara, kuanzia kituo cha redio hadi kampuni ya simu, anafaa kuwasilisha orodha ya nyimbo zilizotumiwa na mara ngapi. Kila msanii naye apokee taarifa inayoonyesha wimbo, mahali ulipotumiwa, mapato yaliyopatikana na makato yaliyofanywa. Teknolojia ile ile iliyorahisisha kunakili inaweza kuifanya kazi hii kwa wepesi.

Pili, hesabu hizo zikaguliwe na mtu asiye na fungu katika mapato yenyewe, na ripoti zichapishwe kabla ya leseni ya shirika lolote kuhuishwa. Kufuta leseni baada ya pesa kutoweka ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wametoroka.

Tatu, tozo ya vifaa vya kunakilia ifikiriwe upya kulingana na wakati. Leo muziki hauhifadhiwi kwenye kaseti bali kwenye simu na diski ndogo. Serikali ieleze wazi ni kifaa kipi kitatozwa, kiasi gani, na fedha zitamfikia msanii kwa njia ipi. Vinginevyo itakuwa kodi nyingine kwa mwananchi isiyomfaidi yule iliyotozwa kwa jina lake.

Wasanii nao wana wajibu. Ni kweli kwamba hakimiliki huzaliwa pindi kazi inaporekodiwa, hata isiposajiliwa. Lakini anayesajili kazi yake kwa KECOBO, akahifadhi mikataba yake na kuhakikisha nyimbo zake zina nambari ya utambulisho ya kimataifa, ISRC, huwa na ushahidi siku ya mzozo. Anayetia sahihi asichokisoma hurudia kosa la wazee wa enzi ya santuri.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka Serikali iunge mkono, ikuze na kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Ulinzi huo umeeleweka kwa miaka mingi kuwa ni msako, faini na stika.

Msako huo ulikuwa na maana wakati mali ya msanii ilibebwa kwenye gunia la mchuuzi. Sasa mali hiyo imo katika kompyuta za kampuni chache zinazojulikana kwa majina na anwani, na kila mchezo wa wimbo huacha alama. Ni rahisi zaidi leo kujua msanii anadai kiasi gani kuliko ilivyokuwa wakati wowote tangu santuri ya kwanza ichapishwe Nairobi. Kinachokosekana ni sheria ya kumlazimisha mwenye daftari alifungue.